Deni la Nyumba Iliyovunjika

Kiinua mgongo ni neno la watu wafanyao kazi kwa kuinama. Mtu aliyepalilia shamba kutwa, au aliyebeba mizigo tangu asubuhi, alipopewa kitu kidogo juu ya ujira wake, alipewa ili mgongo wake upate kuinuka. Kilikuwa kipawa cha moyo wa mpaji: aliyepewa alishukuru, na aliyenyimwa hakuwa na mahali pa kushtaki. Serikali zilipokuja na vitabu vyao vya sheria neno hili likaazimwa, likapewa kazi ya kutaja mkupuo wa fedha anaolipwa mtumishi mwisho wa utumishi wake. Nao mkupuo huo haukuwa tena hisani, ulikuwa haki iliyohesabiwa kwa miaka na kwa mshahara. Pamoja nalo tukapokea pensheni kutoka katika Kiingereza, na katika siku za karibu zaidi tukaunda mafao kutokana na kufaa. Ama mstaafu, asili yake katika Kiarabu ni mtu aliyeomba kuachiliwa. Mwalimu wa lugha ana udhaifu wa kuanza kila jambo kwa maneno, walakini hapa udhaifu huo una faida, kwa kuwa zile maana mbili za kiinua mgongo, ya hisani na ya haki, hazikupata kuachana kabisa katika Afrika ya Mashariki. Na watu wengi wamezeeka katika nafasi iliyo kati yake.

Nataka kuitazama nafasi hiyo kwa mfano mmoja, yaani malipo ya watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Kando yao nitaweka watu wa namna mbili walioishi katika zama zilezile: maofisa wa Kiingereza walioondoka wakati wa uhuru, na wabunge wa nchi zetu. Makundi yote matatu yaliahidiwa kitu na serikali. Lakini ahadi hizo hazikulindwa sawasawa, na nionavyo mimi tofauti yake haikutokana na urefu wa utumishi wala uzito wa kazi. Ilitokana na swali moja: ahadi ilipokuwa ikigawanywa au kuandikwa upya, ni nani aliyekuwa na kiti mezani?

Kwanza yapasa tuelewe pensheni ni kitu gani, maana baadhi ya watu hudhani kuwa ni zawadi ya serikali kwa wazee. Sheria ya pensheni ya Kenya, ambayo mizizi yake ni ya kikoloni, kwa miongo mingi ilihesabu hivi: kwa kila mwezi kamili wa utumishi, mtumishi alijipatia sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa mwisho. Aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, aliondoka na robo tatu ya mshahara kwa maisha yake yote, na sehemu ya haki hiyo aliweza kuichukua kwa mkupuo. Hesabu hii yaonyesha wazi kwamba kila mwisho wa mwezi karani alipata mishahara miwili: mmoja uliotiwa mkononi mwake, na mwingine uliobaki kwa mwajiri ukiungoja uzee. Aliridhika na udogo wa ule wa kwanza kwa sababu aliuamini ule wa pili. Basi mwajiri acheleweshaye pensheni hacheleweshi sadaka. Amekalia mshahara wa mtu mwingine.

Utaratibu huu una sharti ambalo halitajwi katika vitabu. Mtu akitumika miaka 30 na kuishi miaka 20 baada ya kustaafu, ahadi aliyopewa siku ya kwanza ya kazi yapasa iishi nusu karne. Katika nchi ambayo serikali ni ileile kwa muda wote huo, sharti hilo halihisiki, kama vile mtu asivyohisi uzito wa hewa. Katika nchi zetu, nusu karne ya kuanzia vita vikuu vya pili iliona wakoloni wakiondoka, serikali mpya zikiingia, mashirika yakiunganishwa na kutenganishwa, na fedha ikibadilishwa jina na thamani. Hapo ndipo swali la mrithi wa deni hujitokeza.

Wa kwanza kulitambua walikuwa maofisa wa Kiingereza. Tanganyika ilipokaribia uhuru wake wa mwaka 1961, ikifuatwa na Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, walijiuliza ni nani atakayewalipa baada ya bendera yao kushushwa. Hawakukaa kungoja jibu. Mwaka 1960 wastaafu wa utumishi wa ng'ambo waliunda chama chao huko kwao, nao walikuwa wapiga kura wa bunge lililokuwa likiamua masharti ya uhuru wenyewe. Matokeo yake ni kwamba mambo mawili yaliandikwa mapema. La kwanza ni fidia kwa ofisa aliyepoteza kazi kwa ajili ya uhuru. La pili ni mapatano kati ya Uingereza na kila nchi mpya kwamba nchi hiyo itaendelea kuwalipa maofisa pensheni kwa miaka waliyoitumikia serikali ya kikoloni. Yaani mkulima wa Tanganyika aliyelipa kodi mwaka 1965 alikuwa akichangia uzeeni mwa bwana shauri aliyemtawala mwaka 1945.

Nyerere aliona jambo hili haliwezi kuvumilika. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa haitaendelea kulipa pensheni kwa utumishi wa kabla ya uhuru, kwa hoja kwamba maofisa wale walitumwa na Uingereza na waliitumikia Uingereza, basi Uingereza na iwalipe. London ilijibu kwa kukata misaada. Ugomvi ule haukuwa wa kupendeza, lakini uliishia mahali pa haki: Uingereza yenyewe ikakubali kuubeba mzigo, na sheria ya pensheni za ng'ambo ya mwaka 1973 ikaufunga mjadala. Msomaji aweza kumuunga mkono Nyerere, au aweza kusema kwamba ahadi iliyotiwa sahihi ni ahadi. Mimi naliona jambo jingine. Serikali mbili zilishindana juu ya nani awalipe wazee wale; hakuna hata moja iliyosema wasilipwe.

Sasa tumtazame mwenzao wa Kiafrika. Tarehe 1 Januari 1948 ilianza Tume Kuu ya Afrika Mashariki kusimamia huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka huohuo reli ya Kenya na Uganda ikaunganishwa na reli ya Tanganyika. Mwaka 1961 Tume Kuu ikageuzwa kuwa Shirika la Huduma za Pamoja. Tarehe 6 Juni 1967, mjini Kampala, Kenyatta, Nyerere na Obote wakatia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Makao makuu yalikuwa Arusha. Reli na ndege ziliongozwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Mtu aliyeajiriwa na reli mjini Tabora mwaka 1947 alikuwa, ilipofika mwisho wa 1967, amekwisha kuwa na waajiri wanne pasipo kuhama kituo. Kila mara jina juu ya kofia lilibadilika, na kila mara utumishi wake ulihesabiwa kuwa ni mmoja unaoendelea.

Watu hawa wana haki ya kukumbukwa katika historia ya lugha yetu pia, ijapokuwa nadra kutajwa humo. Mjaluo aliyekuwa karani wa posta Dar es Salaam, Mchaga aliyekuwa fundi wa injini Nairobi, Mganda aliyekuwa bandarini Mombasa: hawa walikaa katika nyumba za kazi zilizopangwa mistari, watoto wao wakacheza pamoja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Tukiandika habari za kuenea kwa Kiswahili huwataja wamisionari, walimu na kamati za lugha. Dereva wa treni hatumtaji, naye alikipeleka mbali kuliko wengi wao.

Si wote walioahidiwa pensheni kamili. Wenye madaraja ya chini aghalabu waliwekwa katika mfuko wa akiba: sehemu ya mshahara ilikatwa kila mwezi, mwajiri akaongeza yake, na jumla ingelipwa mtu aondokapo kazini. Kwa hiyo baadhi ya fedha tunazozizungumzia hazikuwa hata ahadi ya mwajiri. Zilikuwa shilingi zilizotoka mfukoni mwa mfanyakazi mwenyewe.

Jumuiya haikufa kwa siku moja. Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda mwezi wa Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na baraza la marais watatu, ambalo ndilo lililokuwa kichwa cha Jumuiya, halikukutana tena. Kichwa kikakatika, viungo vikaendelea kutikisika kwa miaka sita. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege lilivunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ilipofika tarehe 30 Juni mwaka wa fedha uliisha bila ya bajeti ya mwaka uliofuata kupitishwa. Hapakuwa na hotuba ya kuaga wala sherehe ya kushusha bendera. Nyumba ilivunjika kwa kukosa karatasi ya hesabu.

Wakenya waliokuwa Arusha na Watanzania waliokuwa Nairobi walifunga mizigo yao. Wengi walipokewa katika mashirika mapya ya reli, bandari na posta ambayo kila nchi ililazimika kuyaunda upesi. Wengine hawakupata mahali. Neno mstaafu, kwa maana yake ya asili, halikuwafaa hata kidogo. Hawa hawakuomba kuachiliwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1978, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Mswisi mmoja aitwaye Victor Umbricht alianza kazi ya upatanishi. Ilikuwa kazi ya subira kubwa. Kulikuwa na injini za reli, meli za Ziwa Victoria, majengo, mitambo, na madeni ya nje. Navyo vilikuwa vimetawanyika, kila nchi ikiwa imeshika kile kilichokutwa ndani ya mipaka yake siku ile ya Juni. Kisha vita vya Tanzania na Amin vikaingia katikati, na Uganda ikabadili serikali zaidi ya mara moja. Mpaka wa Kenya na Tanzania haukufunguliwa tena hadi mwezi wa Novemba 1983. Hatimaye, tarehe 14 Mei 1984, marais Moi, Nyerere na Obote walitia sahihi mapatano mjini Arusha. Mali iligawanywa kwa asilimia: Kenya 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Katika mapatano yale kuna kifungu kifupi juu ya watumishi. Chasema kwamba kila nchi itawalipa raia wake waliokuwa wamekwisha kustaafu kufikia tarehe ya mgawanyo, yaani 30 Juni 1977, pensheni na haki nyingine walizozipata kwa utumishi wao. Na kwamba itaweka utaratibu wa kulinda haki za raia wake waliokuwa bado kazini siku hiyo. Sehemu ya fedha za mifuko ilikuwa London mikononi mwa Crown Agents, nayo ikagawanywa kwa madola hayo.

Kwa macho ya mwanasheria kifungu hiki ni safi. Lakini kilifanya jambo kubwa kwa maneno machache. Deni lililokuwa la mwajiri mmoja juu ya watu wake wote liligeuzwa kuwa madeni matatu, kila moja likiwa la serikali juu ya raia wake. Na raia huyo hakuwa mmoja wa pande zilizopatana. Waliotia sahihi walikuwa madola matatu. Dola moja laweza kulidai dola jingine injini ya reli ambayo haikuletwa, na kwa injini hizo madola yalidaiana kwa miaka sita na zaidi. Ni dola gani litakalolidai jingine kwa kutokumlipa mpiga simu wa Kisumu au mjane wa fundi wa Tanga? Mzee wa Kiingereza mwaka 1968 alikuwa na serikali moja ya kumdai na nyingine ya kumsemea. Mzee wa Jumuiya alikuwa na serikali moja tu, naye ilimpasa aidai na kuiomba imsemee papo hapo.

Tuwaache wazee hawa hapo kwa kitambo, tuitazame meza nyingine. Katika mwaka uleule wa 1984 wabunge wa Kenya walianza kuhesabiwa pensheni, kwa sheria waliyoipitisha mwaka uliotangulia. Sisemi kwamba pensheni ya mbunge ni uovu. Bunge la Uingereza halikuwalipa wajumbe wa nyumba yake ya chini mshahara wa kudumu mpaka mwaka 1911, na kabla ya hapo kiti cha bunge kilikuwa starehe ya wenye ardhi na wenye viwanda. Mwalimu wa shule anayeacha ubao akagombee ubunge huiacha nyuma pensheni yake ya ualimu. Kama bunge halimwekei kitu, wataingia humo matajiri peke yao. Hoja hiyo ina nguvu, na anayeidharau hajafikiri ni nani angebaki bungeni kama mbunge asingelipwa.

Lakini tutazame mwendo wa mambo. Wabunge waliotumika Kenya kati ya 1984 na 2001 walipunjwa na wakati, kwa kuwa pensheni zao zilihesabiwa kwa mishahara ya zamani iliyokuwa midogo. Ilisemwa bungeni kwamba wengine walikuwa wakipokea shilingi 2,700 tu kwa mwezi. Mbunge akaandika mswada wa kuwapa shilingi 100,000 kwa mwezi, na mwezi wa Agosti 2020 Bunge la Taifa likaupitisha. Yaliyofuata, na upinzani wa wenye kulinda mfuko wa umma, si shabaha ya makala haya. Nionacho ni hiki: fukara walikuwapo kweli miongoni mwa wabunge wale wa zamani, na ufukara wao ulisikiwa, ukaandikwa, ukajadiliwa na kupigiwa kura na watu ambao wenyewe siku moja wataitwa wabunge wa zamani. Mtumishi wa Jumuiya ambaye pensheni yake iliganda kwa mshahara wa 1977 alikuwa na shida ileile hasa. Hakuwa na meza ile.

Tanzania ilitaka kupita njia nyingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakitaja na unono wa mishahara ya wakubwa. Nyerere alikasirika mno, akakiri kwamba katika habari ya mishahara walisema kweli, akapunguza wake kwa asilimia 20 palepale, kisha akawafukuza wanafunzi karibu 400. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, na kumiliki nyumba za kupangisha. Sharti hili lilikuwa na matokeo ambayo hayazungumzwi sana: kiongozi aliyezuiwa kujiwekea akiba ya uzee kwa mikono yake alilazimika kuingoja akiba hiyo kutoka serikalini. Mwezi wa Machi 1978, miezi minane tu baada ya Jumuiya kukosa bajeti, serikali iliongeza mishahara na marupurupu ya mawaziri, wabunge na viongozi wa chama. Wanafunzi wakaandamana tena. Mamia wakafukuzwa tena.

Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya mafao ya wastaafu wa utumishi wa kisiasa. Kwa sheria hiyo mbunge hulipwa kiinua mgongo kila Bunge linapomaliza muda wake, pasipo kungoja uzee. Na rais mstaafu hulipwa pensheni ya mwezi iliyo sawa na asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye madarakani. Nawaomba wanafunzi wayasome polepole maneno hayo ya mwisho. Kipimo hakikuwekwa katika mshahara aliouacha mstaafu, kimewekwa katika mshahara wa yule anayekalia kiti leo. Mshahara huo ukipanda, pensheni yapanda nao. Fedha ikipoteza thamani, pensheni haipotei. Aliyeyaandika maneno hayo alizijua vyema hila za fedha. Elimu hiyo, basi, ilikuwapo serikalini.

Watumishi wa kawaida hawakuandikiwa maneno ya namna hiyo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma wa Tanzania iliunganishwa, na kanuni mpya ikapunguza fungu ambalo mstaafu aweza kulichukua kwa mkupuo hadi asilimia 25, wakati baadhi yao walikuwa wamezoea asilimia 50. Kelele zikawa nyingi. Mwezi wa Desemba mwaka huo rais akaisimamisha kanuni. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa na nusu hapo awali. Kikokotoo, neno lililokuwa la darasa la hesabu, likawa neno la sokoni na la misibani. Tofauti na wazee wa Jumuiya ni kwamba walimu na wauguzi hawa walikuwa bado kazini na walikuwa wengi, na serikali iliwahitaji. Walisikiwa nusu.

Sasa twaweza kuwarudia wale tuliowaacha Arusha mwaka 1984. Katika Tanzania malipo yalikuja kwa mafungu na kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulikuwa na gharama yake. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi zipatazo 8. Mwaka 2005 ilihitaji zaidi ya shilingi 1,100. Mtu aliyestahili shilingi 10,000 siku Jumuiya ilipovunjika alistahili kitu chenye thamani ya dola 1,200 hivi, ambazo zingemjengea nyumba ya kiasi. Shilingi zilezile 10,000, zikilipwa mwaka 2005 bila nyongeza, hazikufika dola 10. Mdeni aliyesema amelipa deni lote kwa hesabu ya daftari hakusema uongo, na mdai aliyesema hajalipwa naye hakusema uongo. Ndiyo maana ugomvi ukahusu riba na thamani ya fedha zaidi ya majina na tarehe.

Wastaafu zaidi ya 31,000, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki na kuacha madai yao kwa wajane na watoto wenye karatasi za mirathi, walikuwa nyuma ya shauri lililofunguliwa katika Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam mwaka 2003. Tarehe 20 Septemba 2005 pande mbili zilifikia hati ya makubaliano, na serikali ikalipa shilingi zipatazo bilioni 117. Mambo hayakuishia hapo. Serikali ilishikilia kwamba imemaliza. Wazee walishikilia kwamba kilicholipwa ni sehemu tu ya kilichoandikwa katika hati. Mashauri yakazaa mashauri. Wakazi wa Dar es Salaam wa miaka ile wanakumbuka kuwaona watu wa miaka 70 wakilala nje ya mahakama na kuketi katikati ya barabara karibu na Ikulu, na polisi wakija kuwaondoa. Kuna waliowacheka. Kuna waliosema wazee wanatumiwa na mawakili. Mimi naona kwamba mtu asiye na kiti mezani huketi pale palipobaki, na pale palipobaki palikuwa barabara.

Wenzao wa Kenya walijaribu mlango mwingine. Tarehe 30 Novemba 1999 marais wa nchi tatu walikuwa wametia sahihi, mjini Arusha, mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Jumuiya hii ina jina la ile ya kale, na makao yake yapo katika mji uleule. Utangulizi wa mkataba wake waikumbuka Jumuiya iliyovunjika na mapatano ya 1984. Tena ina mahakama yake. Mwaka 2010 Wakenya 749 waliowahi kuitumikia Jumuiya ya zamani walifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki dhidi ya serikali ya nchi yao, wakidai haki walizoahidiwa na mapatano yale.

Mwaka 2011 mahakama ililitupa shauri lao. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mkataba wa 1999 hauwezi kurudi nyuma kuyahukumu mambo yaliyotendeka kabla haujakuwapo. Kwa sheria hoja hiyo ni nzito, wala sioni namna majaji wangeweza kuamua vinginevyo pasipo kuivunja misingi ya kazi yao. Lakini maana yake kwa wadai ilikuwa kwamba Jumuiya mpya imerithi jina, mji na kumbukumbu za ile ya kale, na deni halimo katika urithi huo. Walikata rufani. Mwezi wa Aprili 2012 mahakama ya rufani iliithibitisha hukumu. Kijana aliyekuwa na miaka 25 siku ya Juni 1977 bajeti ilipokosekana alikuwa ametimiza miaka 60 alipoisikia hukumu hiyo, ambao kwa sheria za Kenya ndio umri wa lazima wa kustaafu.